Mti wa Nuru Uani: Somo la Kujenga na Kuandikia Programu Taa za Pikseli katika Mitaa ya Eastlands

Utangulizi

Kila ufikapo mwezi wa Desemba, mitaa ya Eastlands jijini Nairobi hubadilika sura mara mbili. Kwanza, maduka, vinyozi na hoteli ndogo za Umoja, Kayole na kandokando ya Jogoo Road huanza kuning'iniza taa za rangi madirishani. Kisha, siku chache kabla ya Krismasi, wenyeji wengi hufunga milango na kwenda mashambani. Nauli za mabasi huwa zimepanda, na katika ploti hubaki wale ambao mfuko haukuwaruhusu kusafiri: mama mwenye watoto watano, bawabu, kijana wa kibarua, na mzee ambaye Nairobi ndiyo mashambani kwake. Hao ndio wenye Krismasi ya Eastlands, na mti unaozungumziwa katika makala haya ni wao hasa.

Makala haya yana madhumuni mawili. Kwanza, yanamweleza msomaji jinsi mti wa taa za pikseli unavyojengwa na kuandikiwa programu kwa vifaa ambavyo mtu anaweza kuvipata Nairobi. Pili, yanakusudia kuthibitisha kwa vitendo kwamba somo la namna hii laweza kufundishwa kwa Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Hata hivyo, karatasi ya maelezo inayofungashwa pamoja na kifaa cha umeme huja kwa Kiingereza au Kichina, naye fundi huifasiri kichwani kwa Sheng. Matokeo ni kwamba anayeijua kazi hana maneno ya kuiandika, na mwenye maneno haijui kazi.

Suala la istilahi lisimtishe mtu. Wakazi wa Nairobi walipowekewa taa kali juu ya milingoti mirefu mitaani, waliziita mulika mwizi, na jina hilo hilo likatumika kwa simu ya bei nafuu yenye tochi. Ni shida kufikiria kamati ambayo ingetoa jina bora. Kwa hiyo, katika makala haya neno la fundi limepewa nafasi ya kwanza na neno la kamusi nafasi ya pili. Pale ambapo yote mawili hayapo, neno la kigeni limevishwa sauti za Kiswahili: pikseli, chipu, kapasita.

Chimbuko la taa hizi

Taa za umeme kwenye mti wa Krismasi zilianza jijini New York mwaka 1882, pale Edward Johnson, mshirika wa Thomas Edison, alipoupamba mti nyumbani kwake kwa globu 80 nyekundu, nyeupe na buluu. Diodi inayotoa mwanga mwekundu unaoonekana ilitengenezwa na Nick Holonyak mwaka 1962. Ile ya buluu ilisumbua sana, na walioifanikisha, yaani Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014. Umuhimu wa buluu ni kwamba bila hiyo hapangekuwa na nyeupe, kwa maana nyeupe ya pikseli hupatikana kwa kuchanganya nyekundu, kijani na buluu.

Eastlands yenyewe haikusubiri Krismasi ili kujifunza taa za diodi. Chuo chake kilikuwa matatu. Kanuni za usafiri zilizoanza kutekelezwa mwezi wa Februari 2004, maarufu kama kanuni za Michuki, ziliyalazimisha magari hayo kuvaa mstari wa manjano na kuacha michoro mingi. Mwaka 2014 Rais Uhuru Kenyatta aliitetea hadharani sanaa ya matatu, na manyanga yakarudi kwa kishindo chini ya jina jipya la nganya. Mtu akiabiri gari la Buruburu au Eastleigh jioni ataona dari lililotandazwa mikanda ya taa inayobadilika kwa mdundo wa muziki. Fundi aliyeifunga anajua, hata kama hajawahi kuliandika, kwa nini mkanda mrefu hufifia mwishoni na kwa nini waya mwembamba hupata moto. Tofauti iliyopo ni kwamba kidhibiti cha matatu aghalabu hununuliwa kikiwa na mitindo yake ndani, na kazi ya fundi huwa ni kubonyeza rimoti. Mti unaofundishwa hapa hauna mtindo wowote hadi mwenyewe auandike.

Pikseli ni nini?

Taa za Krismasi za zamani ziliunganishwa kwa mfuatano, na globu moja ikiungua uzi mzima huzimika. Taa za kawaida za rangi zilizofuata ziliweza kubadilika rangi, lakini zote kwa pamoja. Pikseli ni taa inayopokea amri yake peke yake. Ndani yake mna diodi tatu, yaani nyekundu, kijani na buluu, pamoja na chipu ndogo ya kuziongoza. Chipu zilizoenea zaidi huitwa WS2811 na WS2812B. Kila diodi hupewa nambari kuanzia 0 hadi 255, hivyo pikseli moja yaweza kutoa michanganyiko 16,777,216.

Namna amri inavyosafiri ndiyo siri ya kifaa hiki, na yafaa ieleweke vyema kabla ya kushika koleo. Hebu msomaji afikirie foleni ya watoto wa shule wanaogawiwa uji kwa ndoo moja. Mtoto wa kwanza huchota kikombe chake, kisha huisukuma ndoo kwa wa pili. Wa pili huchota, husukuma. Na kadhalika hadi wa mwisho. Pikseli hufanya vivyo hivyo. Hupokea mfululizo wa biti, huzitwaa 24 za kwanza ambazo ni rangi yake, halafu huzipitisha zilizobaki kwa jirani zikiwa zimetiwa nguvu upya. Hakuna pikseli inayojua jina lake. Inajua tu kwamba cha kwanza kuifikia ni chake.

Mambo mawili yanatokana na hapo. Pikseli moja ikifa, zote zilizo mbele yake hukosa uji, japo zenyewe ni nzima. Pia, foleni huchukua muda. Biti moja huchukua mikrosekunde 1.25, kwa hiyo pikseli moja huchukua mikrosekunde 30, na mti wa pikseli 400 huchukua milisekunde 12 kupokea picha moja. Picha 40 kwa sekunde zinahitaji nafasi ya milisekunde 25 kila moja. Mti huo, basi, unatosha kwa waya mmoja wa amri na muda wa ziada ukabaki.

Kiunzi

Miongozo mingi ya kazi hii imeandikwa kwa ajili ya Marekani, ambako mwenye nyumba ana bustani ya mbele na barabara pana ya kutazamwa kutoka kwake. Kuufuata mwongozo huo kikasuku Eastlands ni kupoteza fedha. Mitaa ya zamani kama vile Kaloleni, Ziwani, Maringo, Jericho na Jerusalem ilijengwa ikiwa na viwanja vya pamoja kati ya safu za nyumba, na hapo mti wa mita nne waweza kusimama. Umoja na Kayole za leo ni magorofa yaliyobanana. Uani mna mfereji, kamba za nguo na watoto. Baadhi ya watu hupendekeza mti uwekwe juu ya paa la ghorofa ili uonekane mbali. Pendekezo hilo halifai. Juu huko upepo ni mkali, radi ni jirani, na wanaobaki kwenye ploti huuona mwanga wake tu ukutani kwa wenzao. Mti ukae chini, uani, kwa kimo kinachopita kichwa cha mtu mzima na kisichozidi madirisha ya ghorofa ya kwanza.

Mfano utakaotumika hapa una nyuzi nane za pikseli 50, zilizoachana kwa sentimita 10. Kila uzi hupanda kutoka chini pikseli 25, hukunjwa kileleni, na kushuka pikseli 25. Hivyo hupatikana mistari 16 ya pikseli 25, jumla 400. Mstari una urefu wa mita 2.4 hivi. Pete ya chini ikiwa na kipenyo cha mita 1.5 na ile ya juu sentimita 10, mti husimama kwa mita 2.3. Mzingo wa pete ya chini ni mita 4.7, na ukigawanywa kwa mistari 16, kila mstari hukaa sentimita 29 kutoka kwa mwenzake. Faida ya mpango huu ni kwamba mikunjo yote iko juu na viungo vyote viko chini, mahali ambapo mkono hufika bila ngazi.

Pete hizo na bomba la katikati haziagizwi ng'ambo. Mafundi wa jua kali wa Kamukunji, ambao hufua masanduku, makarai na majiko mchana kutwa, watazipinda kutoka kwa chuma cha mviringo wakipewa vipimo. Kitako kizuri ni gurudumu kuukuu la gari lililojazwa zege huku bomba likiwa katikati. Ni kizito, hakipinduliwi na watoto, na laweza kuviringishwa hadi stoo mwezi wa Januari. Kila mstari uandikwe nambari yake kwa rangi isiyofutika kwenye pete ya chini, kuanzia 0 hadi 15. Sababu ya kuanza na sifuri itaelezwa baadaye.

Umeme

Sehemu hii isomwe mara mbili. Pikseli za mfano huu hutumia volti 5, nao umeme wa nyumbani Kenya ni volti 240. Sharti la kwanza ni kwamba volti 240 zisipande mtini kamwe. Kigeuza umeme, ambacho mafundi hukiita pawasaplai, kikae ndani ya sanduku lililofungwa, juu ya matofali, mbali na maji ya mfereji. Kinachotoka humo kwenda mtini ni volti 5 pekee. Bomba la chuma na sanduku vifungwe waya wa ardhini. Desemba jijini Nairobi bado ni msimu wa mvua za vuli, na mtoto anayecheza pekupeku kwenye saruji iliyolowa ni njia fupi ya umeme kuifikia ardhi. Fauka ya hayo, mti usiunganishwe kwa waya wa wizi. Katika vijiji vya mabanda vinavyopakana na mitaa hii, nyaya za namna hiyo zimeua watu na kuteketeza nyumba, na hakuna sherehe inayostahili thamani hiyo.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Kila diodi hutumia takriban miliampia 20, hivyo pikseli iliyowaka nyeupe kwa ukamilifu hutumia 60. Pikseli 400 zikiwa nyeupe zote zitadai ampia 24, na ampia 24 zikizidishwa kwa volti 5 ni wati 120. Kigeuza umeme cha ampia 40 kitaibeba kazi hiyo bila kutoa jasho. Uzi mmoja wa pikseli 50 hauzidi ampia 3. Kwa hiyo kila uzi upewe fyuzi yake ya ampia 5. Fyuzi moja kubwa kwa mti mzima ni mchezo wa hatari, kwani waya mwembamba wa uzi mmoja waweza kushika moto kabla fyuzi hiyo haijashtuka.

Kosa linaloonekana sana ni kuingiza umeme mahali pamoja na kutarajia ufike mwisho. Waya una ukinzani, na kadiri mkondo unavyosafiri ndivyo volti zinavyopungua. Dalili yake hutambulika kwa macho: nyeupe ya mwanzo wa uzi ni safi, ya katikati ina umanjano, na ya mwisho ni kama kaa la moto. Hii ni kwa sababu diodi za buluu na kijani huhitaji takriban volti 3, ilhali nyekundu hutosheka na 2 hivi. Volti zikipungua, nyekundu ndiyo hubaki hai. Dawa ni kuingiza umeme upya katika viungo vyote vinane vya chini kwa waya mnene. Mtu asidanganyike kwamba ni pikseli mbovu akazirudisha dukani Luthuli Avenue.

Kidhibiti kinachofaa ni ESP32. Arduino Uno, ambayo wanafunzi wengi huianzia, ina kumbukumbu ya baiti 2,048 tu, na picha moja ya mti huu, yaani pikseli 400 kwa rangi tatu, hula 1,200. ESP32 ina nafasi tele na pia huunganika kwa mtandao usio na waya. Upungufu wake ni mmoja: ishara yake ni ya volti 3.3, na pikseli ya volti 5 huhitaji angalau 3.5 ili iihesabu kuwa ishara. Wakati mwingine mti utawaka, wakati mwingine utapepesa kama mwenye homa. Chipu ya kupandisha ishara, mfano 74AHCT125, huondoa tatizo hilo. Aidha, rezista ya omu 330 iwekwe kwenye waya wa amri karibu na pikseli ya kwanza, kapasita ya mikrofaradi 1,000 iwekwe kati ya waya chanya na hasi, na waya hasi wa kidhibiti uunganishwe na waya hasi wa kigeuza umeme. Hilo la mwisho husahauliwa mno, na bila hilo hakuna kitakachoeleweka baina ya vifaa viwili hivyo.

Je, gharama ya stima? Mwangaza ukipunguzwa hadi theluthi, jambo ambalo macho ya usiku hayalalamikii, mti hula kiasi cha wati 40 ukutani. Ukiwaka saa tano kila usiku kwa siku 30, jumla ni uniti 6. Ni vyema wakazi wakubaliane mapema tokeni hizo zitatoka kwa mita ya nani. Ploti nyingi zimegombana kwa uniti chache kuliko hizo.

Programu

Tarakilishi huhesabu kuanzia sifuri. Jambo hili huwakanganya wanafunzi wengi, ingawa msemaji wa Kiswahili ana sababu ndogo ya kukanganyika. Anajua tangu utotoni kwamba mwanzo wa hesabu ni makubaliano tu: jua likichomoza ndiyo sifuri, na saa moja ni baada ya saa nzima kupita. Hata hivyo, ujuzi huo huo una mtego wake. Kidhibiti kikiambiwa kiwashe mti saa 12:30, kitauwasha adhuhuri. Saa kumi na mbili na nusu ya jioni, wakati jua la Nairobi linapotua mwezi wa Desemba, huandikwa 18:30. Na saa tano na nusu ya usiku, wakati wa kuzima, huandikwa 23:30.

Kazi ya kwanza ya programu ni kuitafsiri sura ya mti kuwa foleni. Mtu huuona mti kwa mistari na vimo. Kidhibiti huona pikseli ya 0 hadi ya 399 basi. Mstari uitwe m, kuanzia 0 hadi 15. Kimo kiitwe k, 0 chini hadi 24 kileleni. Kwa kuwa uzi hupanda na kushuka, mistari ya nambari shufwa huhesabiwa kwenda juu, na ya witiri huhesabiwa kuja chini. Kanuni, basi, ni hii:

Ikiwa m ni shufwa, nambari ya pikseli = 25 × m + k.
Ikiwa m ni witiri, nambari ya pikseli = 25 × m + (24 − k).

Kwa mfano, mstari wa 3, kimo cha 2, ni 75 + 22, yaani pikseli ya 97. Kanuni hii ikiandikwa mara moja na kupewa jina, programu yote iliyobaki haitataja tena foleni. Itazungumza kwa mistari na vimo tu.

Mtindo mzuri wa kuanzia ni ule wa nuru kuuzunguka mti kama ngazi ya mviringo. Iwepo hesabu t inayoongezeka kwa moja mara kumi kila sekunde. Kwa kila kimo k, iwashwe pikseli iliyo kwenye mstari ambao ni baki la (k + t) baada ya kugawanya kwa 16, na nyingine zote zizimwe. Hesabu t ikiwa 9 na kimo kikiwa 10, jumla ni 19, baki ni 3; mstari wa 3, kimo cha 10, ni pikseli ya 89. Nuru itakamilisha mzunguko kila baada ya sekunde 1.6. Sehemu ya programu inayorudiwa bila kukoma hufaa kuitwa kibwagizo, jina ambalo kila mwanafunzi wa ushairi analijua na ambalo hueleza kazi yake barabara.

Kuna suala la macho pia. Mtu anayetaka nusu ya mwangaza hutuma 128, akashangaa kuona taa bado kali. Jicho la binadamu huona tofauti ndogo gizani na huzipuuza kwenye mwanga mwingi. Ili ionekane nusu, inabidi kutuma kiasi cha 56. Marekebisho haya huitwa sahihisho la gama, na mti usio nayo huonekana wa rangi zilizofifia na kuruka-ruka hata kama programu yake ni sahihi.

Wanaotaka mti ufuate wimbo hawalazimiki kuandika kila kitu kwa mkono. Ipo programu ya bure iitwayo xLights, ambayo humwezesha mtu kuuchora mti kwenye tarakilishi, kuutazama wimbo ukiwa umetandazwa kama mstari wa wakati, na kuweka mitindo chini yake. Kazi ikikamilika, huhifadhiwa na kuchezwa na tarakilishi ndogo ya Raspberry Pi. Picha 40 za baiti 1,200 kila sekunde ni baiti 48,000. Wimbo wa dakika tatu ni megabaiti 8.6 hivi, mzigo mdogo kwa kadi ya kumbukumbu. Kwa ufupi tu, amri zikipitishwa kwa mtandao hugawanywa katika mafungu ya njia 512, na kila fungu hubeba pikseli 170. Watu wa fani hii huliita fungu hilo ulimwengu, kwa hiyo ua mmoja wa Umoja utakuwa na malimwengu matatu.

Bendera

Msimu huu haumilikiwi na Krismasi peke yake. Tarehe 12 Desemba ni Sikukuu ya Jamhuri, na katika Eastleigh au Pumwani, ambako Waislamu ni wengi, mti wa bendera huwahusu majirani wote. Zoezi lenyewe ni fupi lakini lina fumbo.

Bendera ya Kenya ina nyeusi juu, nyekundu katikati yenye kingo nyeupe, na kijani chini. Vimo 25 vyagawanyika vizuri: 0 hadi 7 kijani, 8 nyeupe, 9 hadi 15 nyekundu, 16 nyeupe, 17 hadi 24 nyeusi. Fumbo ni kwamba hakuna taa nyeusi. Nyeusi ya pikseli ni kuzimwa kwake. Mti huo ukiwashwa, theluthi ya juu hupotea gizani, na mtazamaji huona mti uliokatwa kichwa. Kuna wanaoweka buluu hafifu mahali pa nyeusi, jambo ambalo huibadili bendera. Suluhisho bora ni kuzizima kabisa pikseli za sehemu hiyo na kuacha kileleni pete moja, kimo cha 24, ikiwa nyeupe hafifu sana. Jicho likiona kilele, hujaza lenyewe giza lililo kati, na giza hilo sasa husomeka kuwa nyeusi.

Bendera hii pia hufundisha hesabu ya umeme. Kijani ni pikseli 128 za diodi moja moja, ampia 2.56, nyekundu ni 112, ampia 2.24, nyeupe za kingo ni 32 za diodi tatu, ampia 1.92. Jumla ni ampia 6.72, kiasi kidogo zaidi ya robo ya zile 24 za mti mweupe mzima. Pete hafifu ya kileleni huongeza kidogo tu. Nyeupe ndiyo ghali, na anayependa theluji ya kuigwa kutoka ng'ambo ajue kwamba anailipia.

Muziki na majirani

Katika nchi nyingine, wenye maonyesho ya taa huurusha muziki kwa mawimbi ya redio ili wapitao wausikilize ndani ya magari. Nchini Kenya, kurusha matangazo bila leseni ni kosa la kisheria, na kwa vyovyote vile watazamaji wa Eastlands husimama kwa miguu. Spika ndogo uani inatosha, nayo izimwe mapema kuliko taa. Mtoto mchanga wa chumba cha tatu hajui kuwa ni Krismasi.

Kupotea kwa stima ni jambo la kutarajiwa. Programu iandikwe hivi kwamba umeme ukirudi mti uanze wenyewe, bila kusubiri mtu wa kubonyeza. Aliyeuandika huenda wakati huo yuko Kakamega au Machakos akichinja mbuzi. Umeme unaporudi huja na kishindo, kwa hiyo kizuia mshtuko kiwekwe kabla ya kigeuza umeme. Kwa sababu hiyo hiyo, watu wawili miongoni mwa wanaobaki wafundishwe kuuzima na kuubadilisha fyuzi, tena wafundishwe kwa mikono yao wenyewe.

Hitilafu ikitokea, kanuni ya ndoo ya uji ndiyo dira. Sehemu ya mti ikizimika kuanzia mahali fulani hadi mwisho, kosa liko kwenye pikseli ya kwanza iliyozimika, au ile iliyo nyuma yake ambayo yawaka lakini haipitishi. Hukatwa, mpya ikalehemiwa, na kiungo kikafunikwa kisipate maji. Mti wote ukipepesa, ichunguzwe ishara na waya hasi. Nyekundu ikitokea kijani na kijani ikawa nyekundu, hakuna kilichoharibika: chipu za WS2812B hupokea kijani kwanza, na nyingine nyingi hupokea nyekundu kwanza, kwa hiyo mpangilio ubadilishwe kwenye programu.

Zoezi

Msomaji na aitafute pikseli ya 334 kabla ya kununua chochote. Akigawanya kwa 25 atapata 13, baki 9. Mstari wa 13 ni witiri, kwa hiyo kimo ni 24 kutoa 9, yaani 15: pete ya juu kabisa ya wekundu wa bendera. Siku mti utakapowashwa, pikseli hiyo ikiwa nyeupe badala ya nyekundu, atazame kanuni yake ya mistari ya witiri. Ataona ameandika 25 mahali pa 24.